Tope la Mji

Mwandiga, 12 Septemba 2023

Shangazi yangu Eufrasia, shikamoo.

Bado nalisikia lile jembe. Wanaume sita walikuwa wanamchimbia baba kaburi, na kila jembe lilipotua lilitoa mlio wa bati, likaruka juu mikononi mwao. Tangu saa mbili asubuhi mpaka alasiri. Nilikuwa kwenye mkeka wa wanawake, nikijaribu kusali, nikashindwa, nikawa nahesabu ule mlio. Kisha baba mdogo Nehemia akajifuta jasho na kusema kwa sauti ya kusikiwa na kila mtu, "Ardhi ya Dismasi hata shimo la kumzika mwenyewe inanyima!" Watu wakacheka kidogo, kama watu wanavyocheka msibani. Mimi sikucheka. Nilikuona, na wewe hukucheka.

Sisi tu wazima. Mama ameanza kula, ila hataki bado mtu akalie kiti cha baba. Mbuzi amezaa mapacha, mmoja mweupe kabisa. Natumaini huko Kalya dagaa wapo, na magoti yanakuruhusu kushuka ufukweni bila kushikwa mkono.

Sasa jambo lenyewe. Siku ya kuondoa matanga ulisema mbele ya ukoo kwamba nipewe mwaka mmoja kwenye ekari moja na nusu ya baba. Ikitoa chakula, niendelee. Isipotoa, baba mdogo aichukue achimbe udongo wa matofali. Nimeacha kazi ya maabara Morogoro, na chumba nimerudisha funguo. Nakuandikia ujue kwamba nimeanza. Nimechimba makingamaji manne kukata mteremko. Lile korongo nimelizibia kwa mawe na magunia ya mchanga. Mbolea naitoa mjini, tripu saba mpaka leo. Ni nyeusi, nyepesi, inanukia kama udongo uliopata mvua ya kwanza.

Ulisema jambo la ardhi huliongei kwenye simu, unataka maneno unayoweza kuyafungua tena. Basi nitakuwa naandika.

Binti wa kaka yako,
Skolastika


Kalya, 30 Oktoba 2023

Mwana wanje Skola,

Mwakeye. Barua yako imezunguka na boti ya Elikana wiki tatu, imefika inanuka dagaa. Mimi nipo. Maji ya ziwa yamepanda mpaka kwenye mnazi wa ufukweni wa jirani yangu Hadija, naye anasema yatarudi, huwa yanarudi. Magoti usiyaulize, hayo ni mambo yangu na Mungu. Mwambie mama yako kiti kikikaa bila mtu kinaota mchwa.

Sikukupa mwaka kwa kuwa nakuamini. Nilikupa kwa kuwa ulinikazia macho kama Dismasi alivyokuwa akinikazia utotoni alipotaka kitu changu. Shamba lile nimelilima mimi kabla hujazaliwa, lilichoka kabla yangu. Nehemia si mtu mbaya, ana mdomo tu. Anasema akichimba ataacha kaburi la kaka yake na hatua tatu kila upande. Nimeyaona mashimo ya matofali, najua kaburi lenyewe litabaki kama kisiwa. Lakini shamba lisilolisha mtu linafanya nini?

Usisahau ya kwetu. Maharage ya kwanza ya shamba la kaka hupikwa na dada yake, na yeye ndiye anayeonja kabla ya mtu mwingine. Dismasi hakuwahi kuniruka, hata mwaka aliovuna kikombe aliniletea kikombe. Ukivuna, unitumie.

Na kitu kimoja hujaniambia. Mjini Kigoma kuna ng'ombe wangapi hata wakupe tripu saba? Mbolea ya nini hiyo? Nijibu.

Shangazi yako,
Eufrasia


Mwandiga, 4 Februari 2024

Shangazi, shikamoo.

Mama amekubali nikalie kiti cha baba, kwa masharti kwamba nisiegemee. Mbuzi mweupe aliibiwa akarudi mwenyewe, kamba shingoni. Habari za ziwa huku kwetu zinatisha. Kule Katonga wauza samaki wamehamisha meza mara mbili. Niambie kweli, maji yamefika wapi kwako?

Pamoja na barua hii Elikana anakuletea debe moja la maharage ya njano. Ni ya kwanza, hatujaonja hata punje. Shamba limetoa magunia matatu na nusu, mahali ambapo baba alipata madebe mawili mwaka wake wa mwisho. Majani yalikuwa ya kijani iliyokolea mpaka watu wa barabarani wakasimama kutazama. Mvua kubwa ya Desemba ilishuka mlimani, ikafika kwenye makingamaji, ikazama. Korongo halikuongezeka hata shubiri.

Umeuliza habari ya mbolea. Ni mbolea iliyoiva vizuri, nimeipima mwenyewe.

Watoto wa njiani wamenitungia wimbo. Nitakueleza siku nyingine.

Skolastika


Kalya, 10 Machi 2024

Skolastika,

Leo sina salamu.

Maharage yalifika. Jumapili kabla ya Jumatano ya Majivu niliwaita wanawake wenzangu wa jumuiya, na Hadija, ingawa yeye si wa kanisa letu, maana nani anapika mawese bila Hadija kusikia harufu? Nikaonja kwanza mimi, kama inavyopasa. Nikasema, "Haya ni ya marehemu kaka yangu." Tulikula tukaimba. Esther, ambaye hajawahi kusifu chakula cha mtu, aliomba mbegu.

Wiki mbili baadaye Elikana ananiuliza ufukweni, watu wote wapo:

"Mama Eufrasia, yale maharage ya Mwandiga umekula?"

"Nimekula."

"Yote?"

"Kwani yalikuwa yako?"

Akacheka mpaka akashika ukingo wa boti. "Mama, kule wanamwita Bibi Mavi! Lile gari la kuvuta vyoo vya mji, wewe unadhani linamwaga wapi siku hizi?"

Nilirudi nyumbani sijui nimepita njia gani. Esther hajanijibu hodi tangu siku hiyo. Hadija peke yake ndiye aliyesimama mbele yao akasema, "Mimi nilikula sahani mbili na tumbo langu halijashitaki. Mnataka nizirudishe?"

Sikuulizi kama maharage yalikuwa mabaya. Yalikuwa matamu, na hilo ndilo linaloniuma. Nakuuliza hili: nilikuandikia, nikakuuliza wazi mbolea ya nini. Barua yako ninayo hapa, nimeifungua tena mara nne kutafuta jibu. Halimo. Nimesimama na jina la ndugu yangu mdomoni nikawalisha watu kitu nisichokijua.

Eufrasia


Mwandiga, 24 Machi 2024

Shangazi, shikamoo, hata kama huitaki.

Mama ni mzima. Yeye ndiye aliyeniambia siku nafunga lile debe, "Mwandikie." Nikasema, nitamwandikia akishaonja, ulimi wake ndio utakaomjibu. Hilo ni kosa langu na silipunguzi hata chembe. Nilikunyima haki ya kukataa. Nisamehe kwa kunyamaza. Kwa mbolea sitaomba msamaha.

Sasa nakuambia yote, ukitaka uwasomee hao wanawake.

Magari ya kuvuta vyoo yanamwaga kwenye kituo kilichopo nyuma ya mji. Tope linatandazwa juu ya vitanda vya mchanga na kokoto. Maji yanachujika chini, yanakwenda kwenye mabwawa yenye matete. Tope linabaki, linakauka, linapasuka vipande kama udongo wa kinamo. Hapo bado halijafaa. Mimi na vijana wa kituo tunalichanganya na maranda ya mbao na pumba za mpunga, tunalirundika mpaka urefu wa mtu. Ndani ya siku tano rundo linapata joto lisiloshikika. Nina kipimajoto kirefu cha chuma, nakichomeka kila asubuhi, nimesoma nyuzi sitini na mbili. Tunaligeuza ili kila sehemu ipite kwenye joto, kisha linaiva miezi mitatu. Vijidudu vya kuhara haviwezi kuishi humo, wala mayai ya minyoo. Na sikuamini joto peke yake. Nilipeleka sampuli Morogoro kwa niliofanya nao kazi, wakatafuta mayai hai, hawakupata. Wakatafuta risasi na metali nyingine zenye sumu, zilikuwa chini sana ya kiwango. Sipandi mchicha wala kitu cha kuliwa kibichi. Maharage yanakaa ndani ya ganda, kisha yanachemka saa mbili chunguni kwako. Ninavaa glovu na buti. Baba alivaa kandambili na kutumia samadi mbichi, na hakuna aliyemtungia wimbo.

Unanuna kwa kuwa ni mavi ya watu. Sawa. Lakini shangazi, zamani yalikwenda wapi? Vyoo vilivutwa, magari yakamwaga bondeni, mvua ikasukuma kila kitu ziwani. Na ninyi mnachota ziwa. Mmekunywa mji huu miaka yote bila kuuliza mbolea ya nini. Mimi nimeuzuia mlimani, nikaupika, nikaugeuza chakula, ndiyo naitwa Bibi Mavi.

Jina hilo nimelizoea. Juzi sokoni Mwandiga nilipanga maharage yangu, dada mmoja akaja na kapu lake.

"Haya ndiyo ya choo?"

"Ndiyo haya."

Alitegemea nitakana. Akababaika. "Sasa... mbona unasema?"

"Umeuliza. Ya jirani yangu pale ulimuuliza yamekula nini?"

Jirani akadakia, "Weee Bibi Mavi, usinitie kwenye yako!" Soko zima likacheka. Yule dada akaondoka. Siku ile sikuuza hata kopo. Kesho yake niliandika ubao kwa mkaa, herufi kubwa: MAHARAGE YA TOPE LILILOTIBIWA. Nikapika sufuria moja, nikakaa nyuma ya ubao, nikala mbele ya watu, polepole. Watano walinunua. Wawili wamerudi.

Kuficha nilikuficha wewe tu, shangazi, na ni kwa sababu jibu lako peke yake ndilo nililoogopa.

Skolastika


Kalya, 19 Mei 2024

Mwana wanje,

Mwakeye. Nasikia kwenu mahindi yamesimama vizuri, kuna mtu kaniambia.

Ziwa limeingia. Kwanza lilichukua banda la kuku, kisha choo, na choo kikaenda kizima na vilivyomo, kwa hiyo kabla hujaandika tena kuhusu tunachokunywa, nyamaza. Jumanne maji yalifika jikoni. Majivu ya mafiga yangu yalikuwa yanaelea. Ukuta wa upande wa ziwa ulilainika kama uji, ukakaa chini. Tumetoa kitanda, sanduku na picha ya ndoa. Nalala kwa Hadija, ambaye yuko juu kidogo. Anakoroma.

Barua yako nimeisoma. Hadija naye ameisoma, ameuliza hicho kipimajoto kinauzwa wapi.

Sina la kuongeza kwa sasa.

Eufrasia


Kalya, 8 Septemba 2024

Skolastika,

Nakusalimu wewe na mama yako. Barua zako tatu za Juni, Julai na Agosti nimezipata. Katika zote umeniita nije Mwandiga nikae chumba cha baba yako. Asante. Mtu mzima hahami na sanduku moja kwenda kulelewa na mtoto.

Mwaka wako umekwisha. Nimefikiri sana, na hili ndilo neno langu. Shamba umelifufua, sikatai. Lakini ukoo haukai mezani na wewe. Wake za binamu zako hawataki watoto wao wale kwenu. Nehemia atachukua shamba mvua zikianza, udongo ukilainika. Mahindi uliyovuna ni yako. Maharage usipande.

Na mti usithubutu. Nakujua. Unajua kwetu anayepewa shamba la kulima hupanda cha msimu, akang'oa akaondoka. Mti hupandwa na mwenye ardhi. Ukipanda mti mmoja utakuwa umesema mbele ya watu kwamba ardhi ile ni yako, na mimi nitakuwa nimekataliwa na mtoto wa Dismasi.

Usiniulize kwa nini sasa. Nimesema.

Shangazi yako,
Eufrasia


Mwandiga, 17 Novemba 2024

Shangazi yangu, shikamoo.

Mama ni mzima, anakusalimu mara mbili: moja kwa upendo, nyingine kwa woga. Mbuzi mweupe ana mimba. Mvua ilianza wiki ya mwisho ya Oktoba, kwa fujo, na makingamaji yote manne yamekaa imara.

Ulisema nisiulize kwa nini sasa, sikukuuliza. Nilimuuliza baba mdogo. Alikuja na vigingi na kamba, akaanza kupima kuanzia njiani.

"Toka, binti yangu. Sitaki kubomoa kazi yako ukiwa unatazama."

"Bomoa nikitazama. Unatoa matofali mangapi?"

"Mengi. Elfu nane za kwanza si zangu."

"Za nani?"

Akachomeka kigingi, akakichomoa, akakichomeka palepale. "Wewe umesoma. Shangazi yako analala kwa nani?"

Ndipo nikaelewa. Nilirudi ndani nikazisoma barua zako zote tangu mwanzo, nikitafuta mahali ulipoandika kwamba umeahidiwa matofali ya shamba hili ujenge upya. Hapapo. Tumelingana, shangazi. Mimi nilikulisha bila kukuambia, wewe ulikuwa unajenga bila kuniambia.

Nililia, sitaki uambiwe na Elikana. Nililia kwa sababu unalala kwenye jamvi la mtu katika umri wako, na kwa sababu ulipendelea kunihukumu kuliko kuniomba. Ungeandika maneno mawili tu, "nijengee nyumba," ningepanda boti ya kwanza. Lakini nisikudanganye tena: hata kwa maneno hayo shamba nisingelitoa. Udongo wa juu wa pale ni kiganja kimoja tu. Kiganja hicho nimekitengeneza mimi, tripu kwa tripu, na ndicho Nehemia angekikwangua siku ya kwanza akitafuta udongo wa chini. Tofali huchimbwa mara moja. Baada ya hapo mteremko wote unashuka, na mahali pa kulima panakuwa dimbwi la mbu. Ungelala ndani ya nyumba iliyotokana na njaa yetu.

Sheria ya nchi naijua. Ningeweza kukupeleka barazani, wewe na ukoo wote, na binti wa pekee wa marehemu angesikilizwa. Sikutaka jina lako lisomwe na karani. Nimefuata desturi ya kwetu, ile uliyonikumbusha mwenyewe.

Tarehe mbili Novemba, siku ya kuwaombea marehemu, nilipanda michikichi. Nilichimba mashimo sitini na mawili, nikajaza kila moja makarai mawili ya tope lililoiva, nikashusha miche ya mwaka mmoja kutoka kitaluni. Nilimwita Gervasi, mwenyekiti wa kitongoji, akahesabu kwa sauti, mstari kwa mstari, majirani wakisikia. Nilimwita na baba mdogo. Alikuja, akasimama, akasema, "Bibi Mavi, umeniweza," na sijui kama ilikuwa tusi. Alichukua vigingi vyake. Mama alikuwa ananipa miche mkononi. Alipofika wa arobaini akanong'ona, "Mmoja tu ungetosha kugombana na wifi yangu. Wewe sitini na mbili!" Lakini aliendelea kunipa.

Chumba cha baba nimekipaka chokaa, nimepanua mlango kitanda chako kipite bila kufunguliwa. Hadija aje naye, kuna nafasi ya kukoroma. Mkija, mtakuja kwenye nyumba ya mtu mwenye shamba, si ya mtoto anayelea wakubwa. Msipokuja, nitakuja mimi huko kiangazi, tufyatue matofali ya udongo wa Kalya, juu, mbali na maji, na nitakanyaga tope kwa miguu yangu.

Hasira yako nitaipokea yote. Ila ujue kwamba nilichelewa kukuandikia kwa makusudi. Boti ya Elikana imeondoka Katonga mara mbili tangu siku ile, na mara zote mbili nilimwambia sina barua. Ungenikataza kwa boti inayorudi. Leo asubuhi nimepita mstari wa juu mpaka wa chini, nikashika kila mche kwa vidole viwili na kuuvuta taratibu. Hakuna uliong'oka. Ndiyo nimekaa kukuandikia.

Skolastika Dismasi